Saa ya Bi Tranter na Karatasi Niliyoikana

Salma, wewe unayekalia sasa kiti changu cha karibu na dirisha, uliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wewe na wenzako mpate cha kusoma wakati wa chai. Ulitaka habari za saa ngumu na za mafundi wa zamani. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni mtu wa Mombasa na utawatafsiria wenzako, na penye kuniaibisha mno utaamua mwenyewe kama uruke. Habari za vyeo sina. Katika karakana ya watu watatu hakuna pa kupanda. Saa nyingi nilizozitengeneza vizuri bado zinagonga katika nyumba za watu na hazihitaji nizisemee. Nitakaa zaidi kwenye saa moja. Hiyo nayo niliitengeneza vizuri, lakini mpaka leo nikiitaja mbele ya mtu uso huniwaka.

Nilifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, kijana wa miaka ishirini na minne. Kazi nilikuwa nimejifunza Tanga, kwa fundi wa Kihindi aliyetengeneza saa za mkononi na saa za kengele za bati kwenye baraza ya duka la vitambaa. Nilidhani najua saa. Nilipanga chumba Handsworth, nyuma ya Soho Road, na kila asubuhi nilipanda basi kwenda mtaa wa masonara, ambako Bwana Garbett alikuwa na karakana yake ghorofani, juu ya watu waliotengeneza vifungo vya nguo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo usingevidhania kuweza kushika pini nyembamba kama unywele. Jina langu Hatibu lilimshinda siku ya kwanza. Akalikata akabakiza Hat, yaani kofia, na nikawa kofia kwa miaka mingi. Kiingereza chake kilikuwa cha Birmingham kabisa. Mwezi wa kwanza nilielewa "hapana" tu, na kwa bahati ndilo neno alilolitumia zaidi.

Siku ya kwanza hakunipa saa. Alinipa kipande cha chuma cha pua na tupa, akaniambia nitengeneze bisibisi yangu mwenyewe. Ilinichukua siku tatu. Akaishika, akaijaribu kwenye skrubu moja, ncha ikapinda, akanirudishia. Ya pili ikavunjika. Ya tatu aliijaribu akaitia kwenye mfuko wa aproni yangu, akageuka kuendelea na kazi yake. Nilingoja anisifu mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Saa za mezani za Kiingereza za zamani sikuwahi kuziona kabla. Haziendeshwi na vyuma vizito vya kuning'inia kama zile ndefu za ukutani. Zina kamani, ukanda mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa la shaba. Kamani ikiwa imejaa ina nguvu nyingi, na inapokaribia kwisha huchoka, kwa hiyo saa ingekimbia Jumatatu na kujikokota Jumapili. Wale wa kale waliweka kando ya pipa koni ya shaba yenye mfereji unaoizunguka, na uzi wa utumbo wa kondoo kati ya viwili hivyo. Kamani ikiwa na nguvu huvuta penye wembamba wa koni. Ikichoka huvuta penye unene. Nilipoelewa jambo hilo nilikaa nikaitazama ile koni mpaka Bwana Garbett akaniuliza kama nimepata homa.

Kabla ya kuifungua saa ya namna hiyo lazima uilegeze kamani kwanza, polepole, jino kwa jino. Niliambiwa mara mbili, na mara ya tatu nikajifundisha mwenyewe: nilichomoa pini, magurudumu yakavuma, na ngozi ya kiganja changu ikabaki kwenye shaba. Bwana Garbett alikuja mbio, akaiokota saa, akaikagua pande zote, kisha ndipo akauliza habari za mkono.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzirudia kwa sababu aliona hazihitaji kurudiwa. Ya kwanza, kila saa ilikuwa na kisahani chake, na chochote kilichotoka ndani yake kiliwekwa humo mpaka saa ifungwe: pini, mdudu aliyekauka, tiketi ya zamani ya tramu. Ya pili ilikuwa daftari. Saa ikiingia, aliandika nani kaileta, yeye kaipata kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka pale kumbukumbu zilipokoma. Kisha alifungua uso wa saa na kutafuta majina yaliyokwaruzwa na mafundi waliotangulia, akayalinganisha na aliyosimuliwa. Alisema ukiwajua waliokaa na saa utajua pia waliyoitenda: yupi aliimwagia mafuta ya kupikia, yupi aliulazimisha ufunguo.

Bi Tranter alikuja katika mwaka wangu wa pili. Alikuwa mwanamke mwembamba, kapita miaka sitini, hajaolewa, mikono yake myekundu kwa miaka ya maji na sabuni. Saa yake ilikuwa ndani ya kigari cha mtoto alichoazima kwa jirani, imefungwa kwa blanketi. Alitoka Kings Heath. Kondakta alikuwa amekikataa kigari kwenye basi, naye alikataa kuiacha saa, basi akatembea mji mzima akikisukuma. Tuliibeba ngazini mimi na yeye. Bwana Garbett akamtafutia kiti, akammiminia chai, akalifungua blanketi kwa adabu ambayo sikuwa nimemwona akimfanyia binadamu.

Ilikuwa saa ya mezani yenye kasha jeusi na mpini wa shaba juu, milango ya kioo mbele na nyuma. Bamba la nyuma lilichongwa nakshi za majani na ndege kutoka pembe hadi pembe, kazi ambayo mwenye saa huiona akiigeuza tu. Bi Tranter alisema kasha ni la mpingo. Mimi natoka kwenye nchi ya mpingo, nikaligusa, nikamwambia hapana, huu ni mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi. Nilisema kweli, lakini nilisema kwa majivuno, na nikaona amepungukiwa na kitu usoni. Bwana Garbett akaniambia nikachemshe maji mengine.

Niliporudi Bi Tranter alikuwa anasimulia habari za wamiliki, naye Bwana Garbett anaandika. Saa ilitengenezwa London. Mwenye kiwanda cha vifungo wa hapa Birmingham aliinunua siku alipooa. Watoto wake walifilisika wakaiuza kwa mfamasia. Mfamasia alitibiwa macho na Daktari Ashcombe, na macho yalipopona akampa daktari ile saa kwa shukrani. Daktari akamwachia binti yake, Bi Ashcombe, ambaye hakuolewa na aliishi peke yake katika nyumba kubwa kule Edgbaston. Na katika nyumba hiyo Bi Tranter alikuwa mtumishi, miaka thelathini na mmoja. Bi Ashcombe alikuwa amekufa mwaka uliopita.

"Alinipa kabla hajafa," alisema. "Sasa ni yangu." Aliyasema maneno hayo ya mwisho polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Nyuma ya uso wa saa tulikuta majina manne ya mafundi, na mawili kati yao Bwana Garbett aliyajua kuwa ya watu wa Birmingham wa zama za yule mfamasia. Aliridhika sana. Akashughulikia mashine mwenyewe, na kasha akanipa mimi. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza kuniamini nayo.

Nilitaka lirudi likiwa safi kuliko alivyotarajia. Bwana Garbett siku hiyo alikuwa amekwenda kung'olewa jino, na nilikuwa peke yangu. Ndani ya kasha, chini kabisa, mahali palipofunikwa na mashine, palikuwa na vumbi jeusi lililoshikamana na mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye mashine. Nikachanganya magadi na maji ya moto, nikamimina, nikaacha kidogo, nikaanza kusugua kwa brashi. Ndipo nikaona kuwa kilichokuwa chini ya uchafu ule ni karatasi. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya unga pembe zote nne, na ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Wino ulikuwa tayari unatembea. Nikajaribu kuiinua, ikaja vipande vipande, laini kama ugali wa mgonjwa. Juu kabisa niliona neno moja likiwa bado linasomeka. Mengine yalikuwa rangi ya bluu inayotiririka kwenye vidole vyangu.

Kisahani kilikuwa pale mkono wa kulia. Ningeviweka vile vipande humo, vikauke, nimwonyeshe. Badala yake nilivikusanya kiganjani na kuvitia kwenye jiko la makaa. Karatasi zangu za kuruhusiwa kukaa nchini zilitaja kazi hii na mwajiri huyu. Nilijiambia kuwa ni kibandiko cha zamani cha fundi fulani, hakina maana. Nikalisugua kasha mpaka likang'aa. Bwana Garbett aliporudi na shavu lililovimba, alilichungulia ndani akaniambia kwa shida kuwa ni kazi nzuri. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nimeingoja tangu bisibisi ya tatu.

Saa ilikuwa kwenye rafu ya majaribio, inakwenda sawasawa siku ya tisa, wakati Bwana Ashcombe alipokuja. Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu Bi Ashcombe, na ndiye aliyerithi nyumba. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye koti zuri na barua ya mwanasheria. Alisema saa ni mali ya familia, haikutajwa kwenye wosia kwamba mtu yeyote apewe, na mtumishi aliondoka nayo. Hakutumia neno wizi. Bwana Garbett alikataa kuitoa, akamwandikia Bi Tranter, na siku ya tatu wote wawili walikuwa karakanani, wamesimama pande mbili za benchi.

Bi Tranter hakuonekana kuwa na hofu. Alisema Bi Ashcombe alimwandikia karatasi kwa mkono wake, na yeye Bi Tranter akaibandika ndani ya saa, chini ya mashine, mahali ambapo hakuna mtu angeigusa. Alipoileta saa hakuitaja karatasi hiyo kwa sababu aliona haya. Hakutaka kuonekana mtu anayehitaji ushahidi kwa kitu alichopewa.

Nilikuwa nimeshika koleo. Nakumbuka nililiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba ndilo lililokuwa hatarini.

Bwana Garbett aliichomoa mashine, akaliinamisha kasha kwenye taa. Chini palikuwa peupe, pasafi. Akapitisha kidole. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akaliita jina langu lote, sawasawa, kumbe alikuwa amejifunza.

"Hatibu, ulipolisafisha kasha hili, uliona karatasi?"

"Hapana, bwana."

"Una hakika?"

"Palikuwa na uchafu tu."

Bi Tranter alinitazama. Hakuwa na hasira. Aliniita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita mtu wanayemwonea upole, akaniomba nifikiri tena taratibu, pengine nimesahau. Nikamwambia sikusahau. Akauinamia ule ubao mtupu, akautazama kwa muda mrefu, na nikaona midomo yake inatikisika kama mtu anayehesabu alikopita siku nzima ili ajue alikopoteza funguo.

Wiki chache baadaye mwanasheria aliandika kwamba pasipo maandishi saa ni sehemu ya urithi, na kama Bi Tranter akishikilia, jambo litapelekwa polisi. Hakushikilia. Bwana Ashcombe alikuja na gari, na Bwana Garbett, ambaye mgongo ulimsumbua, aliniambia mimi niibebe. Niliishusha ngazi ileile, nikaiweka kwenye kiti cha nyuma, nikaifunga mkanda wa ngozi isianguke. Bwana Ashcombe akanishukuru. Katika daftari, chini ya jina la Bi Tranter, Bwana Garbett aliandika kuwa saa imerudishwa kwa familia.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kukata meno ya magurudumu, kurudisha kamani iliyokatika, kusikiliza mapigo ya saa kwa kijiti cha mbao kilichoshikwa kwa meno. Umeme ulipokuwa ukikatwa katika miaka ile ya sabini, sisi hatukusimama kama viwanda vya jirani; tulisogeza mabenchi dirishani tukaendelea, Bwana Garbett akijisifu kuwa saa zetu hazikuwahi kuujua umeme. Nilioa. Mwanaidi alikuja kutoka Tanga, tukapata binti, Zaina. Nilikuwa fundi mwenye jina. Kila kasha lililokuja nilichungulia chini yake kabla ya kutia hata tone la maji, na mteja aliponiona hivyo alidhani ni uangalifu.

Siku moja Bwana Garbett aliletewa kitabu cha mnada, kimejaa picha. Akanionyesha ukurasa mmoja. Ilikuwa ile saa. Chini yake waliandika kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya familia ya Ashcombe na haijawahi kutoka mikononi mwao. Bwana Garbett alikasirika kwa ajili ya yule mwenye vifungo na yule mfamasia, maana daftari lake lilijua vinginevyo. Akasema, "Na yule mwanamke maskini naye hayumo." Nilimrudishia kitabu nikasema picha imetoka vizuri.

Mwanaidi alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wazee kule Kings Heath. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, lakini wazee walimpenda kwa kuwa alikuwa na subira ya kuwasikiliza hata asipoelewa. Jumamosi moja mchana tulikuwa tunakula, Zaina kapakatwa, naye akanisimulia habari za bibi mmoja. Bibi huyu kila asubuhi humuuliza anayeingia kama ameiona karatasi yake. Wazee wenzake humcheka, humwambia karatasi iko bustanini, iko chooni. Metroni, yaani msimamizi wa nyumba, anasema akili imeanza kumtoka, na daktari ameandika apewe kidonge cha kumtuliza.

"Mimi humwambia nitaitafuta," Mwanaidi alisema. "Jana nilitafuta hata chini ya kitanda, ili aone. Eti ilikuwa ndani ya saa."

Nikamuuliza anaitwa nani. Akaniambia. Nilinyanyuka nikaenda kunawa mikono, na chakula bado kimejaa sahanini.

Nilimwambia siku iliyofuata asubuhi, alipokuwa akipiga pasi sare yake ya kazi. Nilimwambia yote, nikimtazama mgongoni kwa sababu mbele nisingeweza. Hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mkono mmoja, akamaliza wa pili, akaitundika ile sare.

"Baba Zaina," alisema, "kile kidonge nampa mimi. Asubuhi namshika kidevu ili akimeze."

 Akanipa koti langu.

Kwenye basi nilijipangia maneno ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na tuliposhuka katika High Street ya Kings Heath yote yalikuwa yametoweka. Bi Tranter alikuwa chumbani mwake, kakaa karibu na dirisha, amekuwa mdogo sana. Mwanaidi akasema kuna mgeni, akatuacha. Nilibaki nimesimama.

"Wewe ni kijana wa Bwana Garbett," alisema. Metroni aliyesema akili imemtoka hakuwa amemuuliza jambo la maana.

Nikamweleza. Magadi, maji ya moto, jiko, na lile "hapana". Nilijitayarisha kwa kilio, au kufukuzwa. Alichofanya ni kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, kama karani.

"Ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Mahali gani?"

"Chini, upande wa kushoto. Imebandikwa pembe zote nne."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa gundi ya unga."

Akafumba macho. Kisha akanisimulia, bila kupandisha sauti, jinsi miaka ile ilivyopita. Mwaka wa kwanza alikuwa na hakika. Mwaka wa pili alianza kujiuliza kama aliibandika kwenye sanduku jingine. Baadaye akafikiri huenda aliiota, kwa kuwa aliitamani sana ile saa. Na mwisho, alisema, alifika mahali akaamini kwamba Bwana Ashcombe alisema kweli, kwamba aliichukua tu siku ya msiba na akili yake ikamtungia karatasi ili asijione mwizi. Miaka thelathini na mmoja hakuchukua hata kijiko katika nyumba ile, na alikuwa amekubali moyoni kuwa ni mwizi.

 

Kisha akainama mbele. "Ilisemaje? Nilikuwa naijua kwa moyo, nikaogopa kuirudia, ikapotea. 'Saa hii nampa...' Halafu?"

Alikuwa ananitazama kwa tamaa kubwa. Salma, ningeweza kumtungia. Ilihitaji maneno kumi tu mazuri kuhusu uaminifu na miaka mingi, na angekwenda nayo kaburini akiwa na furaha. Yalikuwa yamekwisha kunifika mdomoni.

"Sikuisoma, Bi Tranter. Wino ulikuwa umeyeyuka. Niliona neno moja, la juu kabisa. Doris."

"Doris? Halikuwa Tranter?"

"Doris."

Akarudi nyuma kwenye kiti. 

"Katika nyumba ile wote waliniita Tranter," alisema. "Yule Bwana Ashcombe, baba yake, wageni, hata muuza nyama. Aliyeniita Doris ni Bi Ashcombe peke yake."

 Nilimuuliza anataka nifanye nini, nitakwenda popote, kwa mwanasheria, kwa polisi. Akafikiri. Akasema saa hana hata pa kuiweka. Lakini kule sebuleni, alisema, wapo watu kumi na wanne wanaomcheka kila asubuhi. "Njoo Jumapili ijayo, wakati wa chai. Waambie wao."

Jumatatu nilimwambia Bwana Garbett. Alisikiliza huku akifuta lenzi yake. Akaenda rafuni, akaleta daftari, akafungua ukurasa wa ile saa na kunipa kalamu. "Andika. Kwa mkono wako, na jina lako lote." Nikaandika. Daftari lile ni la tatu kutoka kushoto. Ukurasa upo, msiutafute kwa ajili yangu, utafuteni siku mtakapoharibu kitu. Nilipomaliza akausoma, akakausha wino.

"Ungeniambia siku ile ningekufokea mpaka saa sita," alisema. "Halafu tungekunywa chai, na mimi ningemwambia yule bwana kuwa karatasi ilikuwapo."

Hakunifukuza. Kwa wiki tano hakunisemesha ila habari za kazi, na nilizistahili zote. Aliiandikia ile familia barua ndefu. Jibu lilikuja kutoka kwa mwanasheria: saa imeuzwa, mnunuzi yuko ng'ambo, na mteja wake analihesabu jambo hili limekwisha. Nilimpelekea Bi Tranter jibu hilo, akalisoma, akalikunja. Aliishi karibu mwaka mmoja baada ya hapo, na kila Jumapili nilikwenda, mara nyingine akaniongelesha na mara nyingine hapana.

Lakini ile Jumapili ya kwanza nilivaa suti ya harusi yangu. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka sebule, televisheni inaonyesha mashindano ya farasi. Metroni alikuwa amekwisha kuelezwa na Mwanaidi. Akaizima televisheni, na watu wakanung'unika. Bi Tranter alivaa gauni la kijani, nywele zimetengenezwa, kakaa wima katikati. Mwanaidi alisimama mlangoni na trei ya vikombe, hakuweza kuniangalia. Nikasema niliyokuja kusema. Nilisema haraka, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, nikiangalia zulia.  Kisha mzee mmoja wa pembeni akaweka kiganja nyuma ya sikio, akamuuliza jirani yake huyu mtu anauza nini.

"Bwana Perks hakusikia," Bi Tranter alisema. "Sema tena, bab. Na uinue uso."

Nikauinua. Nyuso zote kumi na nne zilikuwa zimenigeukia. Nikavuta pumzi, nikaanza upya, kwa sauti ambayo hata watu wa njiani waliisikia.

"Naitwa Hatibu. Mimi ni fundi wa saa. Karatasi ilikuwapo."